Kwa Nini Watu Hupenda Filamu za Kutisha?

Binadamu ameumbwa kuikimbia hatari na kuchukia uchafu. Iweje basi alipe kiingilio ili akae gizani kwa saa mbili akitazama watu wakikatwakatwa?

Mtazamaji aonapo panga likiinuliwa, ubongo hausubiri kuhakikisha kama ile ni picha tu. Amri ya tahadhari hutolewa upesi: tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio na viganja hutoka jasho. Punde sehemu nyingine za ubongo humkumbusha kwamba yu salama kitini mwake. Hatari imepita, lakini mwili haujatulia. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko huo unaosalia ndio unaoikuza nafuu inayofuata, hata ikawa furaha.

Furaha hiyo hutegemea kujua kwamba mambo yale ni ya kubuni. Mwaka 1994 wanasaikolojia wa Marekani, Haidt, McCauley na Rozin, walitoa taarifa ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu walionyeshwa picha za matukio ya kweli, mojawapo ikiwa ya ng'ombe akiuawa machinjioni. Waliruhusiwa kuzima wakati wowote, na walio wengi sana walizima kabla ya mwisho. Damu ya kwenye filamu ina muziki na waigizaji. Ile ya machinjioni haina cha kumliwaza mtazamaji.

Kadiri nayo ina sehemu yake. Watafiti wa Denmark waliwafunga watu 110 vipima mapigo ya moyo kabla ya kuingia katika jumba la vitisho mjini Vejle, ambamo waigizaji huwarukia wageni kwa ghafla, mfano wa filamu iliyopata uhai. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba waliofurahi zaidi walikuwa wale walioogopa kwa kiasi. Hofu haba iliwachosha watu, na hofu kuu iliwaondolea raha.

Kiasi hicho si kimoja kwa wote, na watengenezaji filamu wanaoshindana kwa ukali tu hulisahau jambo hili. Mwaka 1975, baada ya filamu ya The Exorcist kuonyeshwa Marekani, daktari Bozzuto aliandika habari za wagonjwa wanne walioshikwa na wasiwasi na kukosa usingizi kwa sababu ya kuitazama. Walio hatarini zaidi ni watoto, hasa wadogo wasioweza bado kutenga la kweli na la kubuni. Katika uchunguzi wa Harrison na Cantor wa mwaka 1999, wanafunzi wa vyuo vikuu waliulizwa juu ya filamu zilizowatisha utotoni. Takriban robo yao walikuwa bado wana hofu hiyo.