Giaboksi Mpya Yataka Rafadha Yake

Mashua ya matanga hutegemea upepo, lakini upepo ukitulia au ukivuma kutoka bandarini inakorejea, usalama wa mabaharia huwa juu ya injini. Yafaa basi askari wetu wanaokagua na kuokoa vyombo vya majini walifahamu jambo hili.

Giaboksi ikiharibika, na ya aina ile ile isipatikane, hufungwa nyingine yenye uwiano tofauti. Injini huwaka, rafadha huzunguka, na kazi hudhaniwa imekwisha. La, haijaisha. Tuchukue injini yenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Giaboksi ya mbili kwa moja huizungusha rafadha mara 1,500. Ya tatu kwa moja, mara 1,000 tu. Rafadha ile ile sasa hupokea chini ya theluthi moja ya nguvu iliyokuwa ikipokea: injini yanguruma, mashua haiyashindi mawimbi. Kinyume chake, uwiano ukipunguzwa, rafadha huielemea injini. Moshi mweusi hutoka, na injini huchemka.

Kwa hiyo, uwiano ukibadilika, rafadha nayo ibadilishwe. Izungukayo polepole yapasa iwe pana zaidi, mradi isiguse mashua, au mapanga yake yawe na mkunjo mkali zaidi. Tena utazamwe upande inakozunguka, kwani giaboksi nyingine hugeuza mzunguko, na chombo kilichoamriwa kwenda mbele kikarudi nyuma.

Chombo kijaribiwe karibu na pwani, siku ya shwari. Dhoruba si mahali pa kupimia kazi ya fundi.