Kumpima Mtoto Kusoma Si Kumfundisha

Karatasi moja inatosha. Juu kuna silabi chache, chini yake maneno mafupi, kisha aya, na mwisho hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kijana wa hapo hapo kijijini, aliyejitolea Jumamosi yake, anakaa mkekani na mtoto na kumwambia, "Haya, nisomee hapa." Mama anatazama huku akichambua mchicha. Kabla hajamaliza fungu anakuwa amejua jambo ambalo ripoti za shule hazikuwahi kumwambia: mwanawe yuko darasa la nne, silabi anazijua, lakini maneno yanamshinda.

Hivyo ndivyo mpango wa upimaji uitwao Uwezo ulivyofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia mwaka 2009, kwa kufuata upimaji uliokuwa umeanzishwa India mwaka 2005 na shirika la Pratham. Kila wilaya vijiji 30, kila kijiji kaya 20, na wapimaji walikuwa wakazi waliolipwa posho ndogo tu. Matokeo yalishtua: wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Magazeti yaliandika, wabunge walisema, na mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliojikita kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK.

Kitaifa, basi, kupima kulizaa mjadala. Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walifuatilia vijiji vya Kenya ambako wazazi walikuwa wamepewa matokeo ya watoto wao, wakavilinganisha na vijiji ambavyo havikufikiwa. Hawakuona tofauti ya maana. Wazazi hawakwenda shuleni zaidi ya wenzao, wala hawakuwasaidia watoto zaidi ya wenzao. Mimi sioni ajabu. Kumpima mgonjwa joto hakushushi homa, na mzazi ambaye mwenyewe hakusoma, akiambiwa "mtoto wako hajui kusoma", amepewa aibu bila kupewa la kufanya.

Jaribio linalotufundisha zaidi lilifanyika Jaunpur, wilaya ya jimbo la Uttar Pradesh nchini India, kati ya mwaka 2005 na 2006. Walioliongoza ni pamoja na Rukmini Banerji wa Pratham, na wanauchumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao baadaye walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya 2019. Katika vijiji vya kundi la kwanza iliitishwa mikutano ya kuwaeleza wazazi haki zao na wajibu wa kamati ya shule. Kundi la pili liliongezewa mafunzo ya kuwapima watoto wao wenyewe. Kundi la tatu likaongezewa jambo moja: vijana wa kujitolea walifundishwa kwa siku nne namna ya kufundisha kusoma, wakaanzisha madarasa nje ya saa za shule.

Makundi mawili ya kwanza hayakupata chochote kwenye usomaji. La tatu lilipata. Kwa watoto ambao mwanzoni hawakujua hata herufi, waliohudhuria madarasa yale waliwazidi wenzao kwa pointi 60 za asilimia katika kuzitambua. Tatizo ni kwamba waliohudhuria walikuwa takriban asilimia 8 tu ya watoto wote wa vijiji hivyo. Pratham ilijifunza, na miaka michache baadaye ikahamishia mafunzo hayo ndani ya shule na saa za shule kwa njia ya kambi za kusoma, ikiziendesha kwa siku zipatazo 50 ikisaidiwa na vijana wa vijiji. Mwishoni karibu nusu ya watoto waliweza kusoma aya au hadithi. Katika shule zisizo na kambi ilikuwa kama robo.

Siri ya kambi hizo ni kuwagawa watoto kwa kile wanachoweza badala ya darasa walilomo. Wa darasa la tatu, la nne na la tano wanaokwama kwenye silabi wanakaa pamoja, na wa maneno wanakaa kwao. Anayefuzu anahamia kundi la juu, hangoji muhula uishe. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unaomkabili hana nafasi ya kufanya hivyo, na kumlaumu ni kumwonea. Anayejitolea ana uhuru huo kwa sababu hadaiwi kumaliza mtaala.

Kiswahili nacho kinarahisisha kazi, maana husomwa kinavyoandikwa. Mtoto aliyeshika ba be bi bo bu anaweza kusoma "baba", "bibi" na "babu" kabla ya jua kuzama. Wengi, hata hivyo, huziimba silabi hizo kwa mpangilio bila kuziona. Kata kadi kwenye katoni ya sabuni, zichanganye, umwone anayebabaika. Anayekariri kitabu naye hujulikana upesi: funika picha, mwanzishie katikati ya ukurasa. Ngazi inayowakwamisha watoto kwa muda mrefu ni pale konsonanti zinapofuatana, kama katika "mbwa", "nywele" na "chungwa". Hapo wape siku za kutosha, usiharakishe.

Yupo pia mtoto anayesoma kwa sauti safi na haelewi kitu, kwa kuwa nyumbani kwao wanazungumza Kisukuma au Kimasai. Kijana wa kijijini, anayeijua lugha ya nyumbani, anaweza kumsaidia kuliko mwalimu aliyehamishiwa juzi kutoka mkoa mwingine. Bibi asiyejua herufi hata moja naye ana kazi ya kufanya: amsimulie mjukuu hadithi, kisha kesho amwambie, "Hebu nisimulie wewe." Msamiati wa kumwezesha mtoto kuelewa anachosoma huanzia hapo. Hadithi zenye picha zipo bure kwenye mkusanyiko wa African Storybook, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu kuzichapisha.

Kinachoua juhudi hizi ni kuchoka. Tanzania ilishusha kiwango cha watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 27 mwaka 1977, na walimu wengi wa kisomo walikuwa wanakijiji waliojitolea. Lakini walikuwa na kifuta jasho, vitabu, na redio iliyowasemea. Anayemtaka kijana afundishe mwaka mzima kwa asante tupu atabaki na darasa lisilo na mwalimu. Bora siku 30 zenye mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo wewe unayesoma makala hii na una saa moja mchana, mwone mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani. Omba chumba kabla watoto hawajatawanyika kwenda nyumbani, mlango ukiwa wazi na wazazi wakijua. Tafuta mwenzako mmoja, chukueni darasa la tatu na la nne tu, wapimeni siku ya kwanza, na siku ya pili muanze kufundisha.