Mikono Miwili ya Gari la Rimoti

Mtoto wa Idete akitaka gari hasubiri duka la Ifakara. Anakunja waya akapata bodi, anakata ndala kuukuu akapata magurudumu, kisha anachomeka fimbo ndefu ya usukani na kulikimbiza barabarani. Sasa, wajukuu zangu, tuing'oe ile fimbo. Gari liko mita 50 mbele, kule kwenye majaruba ya mpunga, na wewe umesimama chini ya mwembe. Nani atakata kona?

Redio. Siyo ile ya kusikilizia Pambazuko FM, ingawa ni ndugu. Stesheni za FM ziko kati ya megahezi 88 na 108. Rimoti nyingi za siku hizi hutumia gigahezi 2.4. Wala si uvumbuzi wa juzi: mwaka 1898 Nikola Tesla aliendesha mashua ndogo kwa mawimbi mbele ya watu huko New York.

Na gari letu la leo si la waya tena: lina injini ya kweli, inayokunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili. Ikishawaka, plagi yake hubaki ya moto kwa joto la injini yenyewe, bila betri. Redio haiwashi chochote humo. Ina mikono miwili tu, mota ndogo ziitwazo sevo. Moja hupinda magurudumu ya mbele. Nyingine ikivuta huku inafungua kabureta. Ikirudi kule inaifunga na kukamata breki.

Kuzifunga sevo hizo kuna adabu yake. Kwanza unganisha sevo, betri na kipokezi, yaani kile kinachonasa mawimbi ya rimoti; washa rimoti kisha kipokezi, sevo zisimame katikati. Ndipo uchomeke kwenye kila sevo kijikono chake na kukaza skrubu. Ukitanguliza skrubu, gari litavuta upande. Sevo hukalia vipira, maana injini hutikisa kila kitu. Kipokezi na betri huingia kwenye kisanduku chenye mfuniko unaobana, kwa sababu mafuta hurukaruka, na vumbi la kiangazi huku kwetu mnalijua wenyewe.

Haya, betri ya kipokezi ikiisha gari likiwa kasi? Sevo imelala, kabureta iko wazi, na injini haina habari. Gari litakwenda kama ng'ombe aliyekata kamba! Ndiyo maana mafundi hufunga springi ndogo ya kurudisha kabureta. Mawimbi yakikatika lakini betri ipo, vipokezi vingi vya sasa huweza kupangwa vikamate breki vyenyewe. Jaribuni injini ikiwa haijawashwa: gari juu ya tofali, zima rimoti, tazama sevo inaelekea wapi. Isiporudi kwenye breki, msiwashe injini.

Siku nyingine zote, rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho. Na methanoli ni sumu, inapofusha macho na inaua. Kujaza tangi mwachieni mtu mzima.