Wikiendi ya Matema: hesabu ya kikundi, boti na jaketi okozi

SOKO la mapumziko ya mwisho wa wiki katika ukanda wa Rungwe na Kyela lina bidhaa moja ambayo wafanyabiashara wengi wa Tukuyu wanaifahamu, lakini wachache wameikalia chini na kalamu. Bidhaa hiyo ni safari ya kikundi kwenda ufukwe wa Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwa siku mbili za kuogelea, kupiga kasia na kupanda vilima. Safu hii inaeleza bidhaa hiyo inavyoundwa, faida inatoka wapi na hasara inaingilia mlango gani.

Kinachouzwa

Tukuyu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kwa hiyo mteja anayeondoka kwenye ukungu na mashamba ya chai anashuka takriban mita 1,000 na kufika kwenye joto, minazi na mchanga. Tofauti hiyo ya hali ya hewa ndiyo mtaji wa kwanza wa biashara hii, na haulipiwi kodi ya pango.

Njiani kuna Ziwa Kisiba la Masoko, lililomo ndani ya kasoko ya volkano. Huko chini, milima ya Livingstone inasimama wima kando ya maji. Ziwa lenyewe ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, lina kina kinachofikia mita 700, na lina mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi ambao mtu mwenye miwani ya kuogelea anawaona karibu na miamba. Kila Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi.

Zamani kikwazo kikubwa kilikuwa barabara, hasa wakati wa masika. Sasa kilomita 39.1 za Kikusya, Ipinda hadi Matema zina lami. Aidha, uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, umewasogeza karibu wateja wa Dar es Salaam.

Gharama za aina mbili

Mwandaaji ana gharama za aina mbili. Aina ya kwanza haibadiliki hata wateja wakipungua: gari, boti, mwongozaji. Aina ya pili inamfuata kila kichwa: kitanda na chakula.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu, msomaji aweke bei zake mwenyewe. Gari ni Sh 400,000. Boti na mafuta Sh 120,000. Mwongozaji, mwangalizi wa waogeleaji na kukodi jaketi okozi Sh 80,000. Jumla ni Sh 600,000. Kitanda na chakula ni Sh 60,000 kwa kila mtu, na tiketi inauzwa Sh 100,000.

Kila mteja, baada ya kulala na kula, anabakiza Sh 40,000. Gawanya 600,000 kwa 40,000, unapata watu 15. Hapo ndipo mwandaaji anaporudisha gharama zake bila faida wala hasara. Akipata 10 anapoteza Sh 200,000; akipata 20 anabaki na Sh 200,000. Bei ni ile ile na kazi ni ile ile, ila idadi ndiyo imebadilika. Hii ndiyo sababu bidhaa hii inauzwa kwa vikundi: wafanyakazi wa ofisi moja, kwaya, wanachuo au wanachama wa chama cha kuweka na kukopa.

Hata hivyo, gharama "isiyobadilika" ina mpaka wake. Mtu mmoja akizidi uwezo wa gari au boti, gharama haipandi kidogo kidogo bali inaruka, kwani inahitajika gari la pili au safari ya pili ya boti. Mteja huyo wa mwisho anaweza kula faida ya wenzake wote.

Kianzio

Hasara ya kawaida inatokana na ahadi. Watu 15 wanajiandikisha, siku ya safari wanatokea 10. Katika mfano wetu, dawa ni kutoza kianzio kisichorudishwa cha Sh 40,000, yaani kile kile ambacho kila mteja anachangia kwenye gari na boti. Watano wakikosa, vianzio vyao vinafika Sh 200,000, ambayo ndiyo hasara yote ya watu 10. Mwandaaji anayetoza Sh 10,000 "ili asiwakimbize wateja" anabeba mwenyewe mzigo wa wasiotokea.

Mahali pasipopunguzwa

Idadi ikipungua, jicho la mwandaaji linakwenda kwenye ile Sh 80,000. Akiifuta, anahitaji watu 13 tu badala ya 15. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu safari ikienda salama hakuna mteja atakayegundua.

Lakini ziwa hili si bwawa. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, huinua mawimbi makubwa. Karibu na mdomo wa mto Lufilyo kuna mamba, na mgeni hawezi kujua mpaka aambiwe na mwenyeji. Kichocho nacho kipo ziwani. Mteja aelezwe mapema, na akapime wiki kadhaa baada ya kurudi.

Kuhusu kujaza chombo kupita kiasi, nchi hii imekwishalipa ada ya somo hilo Ziwa Victoria: MV Bukoba Mei 1996 na MV Nyerere Septemba 2018. Boti ya watu 10 ibebe 10, kila mmoja akiwa amevaa jaketi, si kulikalia. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka wanaofanya biashara hii wawe na leseni. Ukigawa Sh 80,000 kwa watu 20, kila mmoja analipa Sh 4,000. Mteja akielezwa fedha hiyo inanunua nini, ni vigumu kuikataa.

Majira na mzunguko wa fedha

Mvua za Tukuyu huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, zikiwa nzito zaidi Machi na Aprili. Juni hadi Agosti ni kiangazi lakini upepo ni mkali. Kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kupiga kasia. Mwenye kuuza safari za Julai aelekeze ratiba nchi kavu, kwenye maporomoko, vijiji na soko.

Kwa upande wa wenyeji, swali ni fedha inabaki wapi. Kikundi kinachofika na mchele, soda na mkaa kutoka mjini kinaacha takataka tu. Rungwe ina ndizi, maziwa, viazi na parachichi. Kyela ina mchele unaosifika nchi nzima, kakao, dagaa na samaki aina ya mbasa. Chakula kikinunuliwa njiani, gharama haiongezeki na wauzaji wanne au watano wanapata wateja wa kudumu. Ratiba ikipangwa ili kikundi kiwe Lyulilo Jumamosi asubuhi, mfinyanzi wa Ikombe anauza bila dalali. Mnunuzi aje na majani makavu ya kufungashia, kwani chungu hakivumilii makorongo.

Anayetaka kuingia katika biashara hii aanze na kikundi kimoja anachokifahamu, aandike gharama zake za aina mbili katika safu mbili, na asitangaze bei kabla ya kujua namba yake ya kurudisha gharama. Namba hiyo ihesabiwe jaketi zikiwa ndani.