Siku 90 za Nyanya

Tangu Januari 2023, Mkenya huruhusiwa kuzuru Afrika Kusini siku 90 kwa mwaka bila visa. Mama aliwasili Yeoville mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali. Mimi muuguzi nilihofia presha yake. Yeye alihofia mjukuu wa miaka 4 asiyejua Kiswahili. Nikageuka mkalimani nyumbani kwangu.

Nilipopangiwa zamu za usiku, nikawa nalala mchana, nao wakabaki wawili. Walienda sokoni, karibu na Rockey Street, kwa akina mama Wakongo wanaouza sombe na kuongea Kiswahili chao.

Siku ya 80 mtoto aliniamsha: "Mama, nyanya anasema chakula tayari." Nililia.

Mzazi akija, abebe dawa za miezi 3 na sweta nzito. Nawe, acha kutafsiri.