Sato Nyuma ya Nyumba

Akina mama wenzetu, kliniki ya watoto hatuchoki kusema: mpe mtoto samaki, mayai, maharage. Mama wa Ipililo husikiliza kwa adabu, kisha huuliza, "Samaki wa kutoka wapi, nesi?" Swali ni la haki. Samaki wa Ziwa Victoria akifika mnadani kwetu amepita mikono mingi, na kila mkono umeongeza bei. Ndiyo maana tunazungumzia bwawa la nyumbani.

Wako watu wa mijini wanaofuga samaki wa dhahabu ndani ya kioo ili wawatazame. Wetu ni sato, wa kuliwa, na uzazi wake ni wa ajabu. Jike akishataga, na dume akayarutubisha mayai, mama huyaokota na kuyabeba kinywani mpaka yaanguliwe. Hata baadaye, watoto wakiona hatari hukimbilia kinywani humo. Kwa muda wa kama wiki mbili mama huyo hali, au hula kidogo mno. (Mtamwelewa.)

Tatizo ni kwamba anazaa kupita kiasi. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hadi sita tu. Wengi walioanza kwa furaha huvuna samaki tele wa ukubwa wa kidole, wakadhani waliuziwa vifaranga vibaya. Sivyo, bwawa limejaa familia na chakula hakitoshi. Basi watenge. Samaki akifikisha kama gramu 30, mgeuze tumbo juu: dume ana matundu mawili, jike matatu. Kazi hii yataka macho makali, kwa hiyo waite vijana. Madume hukua upesi, waachwe bwawani. Majike waliwe mapema. Wengine hutia kambale wachache wadogo ili wale vifaranga, lakini wangoje kwanza sato wakue, la sivyo kambale atakula mtaji wote.

Kwetu Simiyu mwalimu mkuu wa bwawa ni mvua. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji vizuri, ila ukikauka hupasuka. Kwa hiyo pandikizeni bwawa likishajaa mvua za mwanzo, na mvune kabla kiangazi hakijalimaliza. Bwawa la mita 10 kwa 15, lenye kina cha mita moja, latosha samaki 300. Vifaranga muulizeni afisa uvuvi wa wilaya. Tieni samadi ndani ya gunia pembeni, maji yageuke kijani. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yakiwa kwenye kiwiko, inatosha, kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo, samadi imezidi. Pumba na mashudu ya pamba, ambayo kwetu si mageni, ndicho chakula chao. Mkiona alfajiri samaki wanahema juu ya maji, acheni kuwalisha na ongezeni maji safi.

Sasa tuseme kama wauguzi. Zungushieni bwawa uzio wa miiba na mlango unaofungwa. Mtoto wa miaka miwili hahitaji maji mengi ili azame. Ng'oeni majani ya kingoni, kwani ndiyo maficho ya mbu na ya konokono wanaoeneza kichocho. Mtu yeyote asikojoe humo, na watoto wasiogelee.

Siku ya kuvuna wanunuzi watakuja na ndoo, na baba atakumbuka ada ya shule. Ni kweli, ada inahitajika. Lakini tunaomba jambo moja: kabla ya kupima kilo ya kwanza, fungu la watoto liwe limeshaingia jikoni. Hasa la yule aliyeachishwa ziwa juzi, ambaye sasa anashindia uji mweupe na ugali. Wale samaki wadogo ambao mnunuzi hawataki, watoeni matumbo, waanikeni kwenye kichanja mpaka wakauke kabisa, watwangeni, chekecheni miiba isibaki, kisha tieni kijiko kimoja katika uji wake kila siku.