Bi. Wilson na Hewa Hafifu ya Nairobi

Julai 1929, Florence Kerr Wilson, mjane wa Kiingereza aliyekuwa mlowezi nchini Kenya, alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi. Rubani wake mkuu, ambaye pia ndiye aliyeiendesha kampuni, alikuwa Tom Campbell Black. Ndege ilikuwa moja tu: Gipsy Moth ya viti viwili. Hivyo ndivyo Wilson Airways ilivyoanza.

Gipsy Moth ilikuwa ya mbao. Mabawa yake yalivikwa kitambaa kilichopakwa rangi maalumu ya kukikaza, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 100. Abiria alikaa mbele, rubani nyuma yake, wote wawili wakipigwa na upepo. Mwendo wake wa kawaida haukufika kilomita 150 kwa saa. Hata hivyo, safari ya Mombasa, ambayo treni ililala njiani, iliweza kumalizika kabla ya chakula cha mchana.

Tatizo kubwa lilikuwa hewa yenyewe. Uwanja unaoitwa Wilson leo uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni hafifu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na ndege huumia kwa njia tatu. Bawa hupata hewa kidogo ya kuliinua, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kasi zaidi ndipo ipae. Pangaboi nalo hukosa hewa ya kutosha ya kusukuma. Injini, kama mpanda mlima anayehema, hupata oksijeni kidogo ya kuchomea petroli, na nguvu zake hupungua.

Jua nalo huongeza mzigo, kwa kuwa hewa ikipata joto hutanuka na kuzidi kuwa hafifu. Mchana wa nyuzi 28, ndege iliyoko Nairobi huruka kana kwamba iko zaidi ya mita 2,500. Ndiyo maana marubani wa ndege ndogo hupenda kuondoka asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi.

Kampuni ilikua. Kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilipofikisha ndege zake kutoka London hadi Ziwa Viktoria mwaka 1931, Wilson Airways ilipata kazi ya kuunganisha njia hiyo na Nairobi na miji ya pwani, ikibeba barua na abiria. Ndege za injini mbili, Dragon na Dragon Rapide, ziliongezwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, ndege na marubani walichukuliwa kwa kazi ya kijeshi, na kampuni ikafa.

Jina lilirudi mwaka 1962, uwanja ulipoitwa Wilson. Injini zimeboreka, lakini kimo cha uwanja ni kilekile. Kwa hiyo siku utakapopanda ndege ndogo pale, ukaambiwa begi lako limezidi kilo, usinune, lipunguze.